Kava 16 nyeusi na mstari wa fedha uliokataa kutoka

Kava ya tisa, ya ngozi, ya kufunikia kitabu cha nyimbo, ndiyo iliyotuamsha. Nane za kwanza zilikuwa zimekwisha, zimerundikwa kwenye kona ya meza, nyeusi, zinang'aa, safi. Nikamaliza kushona ya tisa, nikachukua kitambaa chenye unyevu kidogo kama nilivyofanya kwa zile nyingine, nikakipitisha juu ya mstari wa kalamu ya fedha ulioonyesha mahali pa msalaba. Mstari haukutoka. Nikakandamiza zaidi, nikazungusha kitambaa, nikatia mate kidogo kama alivyonifundisha mzee aliyenilea katika kazi hii. Kilichobaki ni kivuli cha kijivu chenye vimeta, kama njia ya konokono ukutani asubuhi.

Kwa miaka mingi, mimi na mafundi wenzangu wa ngozi hapa Lubumbashi tumekuwa tukiulizana swali moja tu: kalamu gani inaonekana kwenye ngozi nyeusi? Kava ya tisa ilinionyesha kwamba nusu ya swali imekuwa ikikosekana muda wote huo. Nakieleza kisa chote, pamoja na sehemu zinazoniaibisha.

Agizo

Karakana yangu iko Katuba, chumba kimoja kilichobanwa kati ya saluni ya wanawake na kibanda cha fundi wa kusude vyuma, yaani kuchomelea. Wiki tano kabla ya Pasaka alikuja Mama Prezida wa korali moja ya jirani, kitabu cha nyimbo mkononi. Alitaka kava 16, zote sawa: ngozi nyeusi, mgongo unaokunjika vizuri, msalaba mdogo wa ngozi nyekundu ushonwe mbele, na ndani, upande wa kulia, kitanzi cha kutilia kalamu ya biki.

"Papa, isikuwe na hata doa," aliniambia. "Siku ya Pasaka tutasimama mbele ya batu bote, na mataa itatupiga."

Tukaelewana bei, akaacha nusu.

Kava ikifunguliwa ilikuwa sentimita 24 kwa 35, na juu ya hapo kuna mifuko miwili ya ndani ya kuingizia jalada la kitabu, kila mmoja 24 kwa 7. Ukipiga hesabu pamoja na vipande vya kutupwa, kava 16 zinakula ngozi nyingi kuliko upande mmoja wa ng'ombe wa wastani. Nilinunua upande wa kwanza, futi za mraba 14 hivi, kwa mfanyabiashara anayepitishia mzigo wake Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ukatoa kava nane. Niliporudi kwake alikuwa ameishiwa, nikaenda kwa mwingine sokoni, nikashika ngozi nyeusi yenye unene uleule wa milimita 1.2, nikalipa. Nyeusi ni nyeusi, nilijiambia. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, siku nne kabla halijaonekana.

Ngozi mbili, kalamu moja

Jioni ile niliacha kufuta, nikakata ukanda mwembamba kutoka kila ngozi na kuushika dirishani.

Ukingo wa ngozi ya kwanza ulikuwa na hadithi yake. Juu kabisa palikuwa na utando mwembamba wa rangi unaong'aa, kama rangi ya gari, na chini yake ngozi yenyewe ilikuwa ya kijivu chenye ubuluu. Ubuluu huo ni wa kromu, zile chumvi zinazotumika kiwandani kulainishia ngozi. Nikadondosha tone la maji juu ya uso wake: likakaa kama ushanga, likateleza. Ngozi ya pili ilikuwa nyeusi tangu uso hadi upande wa nyama, haing'ai, vinyweleo vinaonekana kwa macho, na ukiigusa vidole vinabaki na ulaini wa nta. Tone la maji lilikaa muda kidogo, kisha likaanza kunyweka pembeni. Halafu nikafanya jambo ambalo ningelifanya sokoni kama ningekuwa na akili: nikausukuma ukanda kwa kidole kutoka nyuma. Pale ulipovimba rangi ilipauka, na nilipouachia ikarudi polepole. Ni ngozi iliyonyweshwa mafuta na nta, isiyo na utando juu.

Wino wa fedha wa kalamu hizi ni chembechembe bapa za alumini zikielea katika maji mazito. Kwenye ngozi yenye utando chembe hizo hulala juu, na kitambaa huzikokota zote. Kwenye ngozi iliyo wazi huanguka ndani ya vinyweleo na kati ya nyuzi, na kila unaposugua unazishindilia. Kwa hiyo kalamu haikuharibika, na muuzaji wa kalamu hakuniibia. Nilikuwa nimeijaribu kwenye ngozi ya kwanza, ikafutika vizuri, nikaipeleka kwenye ngozi nyingine kwa sababu tu rangi zilifanana.

Hapa niseme neno kuhusu mafunzo yetu, maana kosa langu lina mizizi. Wazee wengi waliotufundisha walijifunza kwenye ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti. Ngozi hiyo ukiilowesha kidogo na kuikandamiza kwa mfupa, mstari unabaki. Inashika alama kama udongo mbichi. Kromu ni jamii nyingine. Mjerumani Friedrich Knapp alieleza njia ya chumvi za kromu mwaka 1858, na Augustus Schultz akapata hataza ya njia yake Marekani mwaka 1884. Tangu hapo ngozi ya kromu imejaza dunia, na nyingi ya ngozi nyeusi laini unayoikuta sokoni ni hiyo. Ukiilowesha na kuikunja, inarudi kama mpira. Hivyo fundi aliyerithi ushauri wa "lowesha, kandamiza" anafika kwenye ngozi nyeusi ya leo na mkono mtupu, ndipo anapoikimbilia kalamu ya fedha.

Dawa iliyozidi ugonjwa

Kabla ya kufikia hekima hiyo ya dirishani nilikuwa nimeshafanya ujinga. Nilijaribu kifutio cha shule; kikatoa vimeta vichache na kuacha mng'ao wa msuguano. Nikajaribu alikooli. Kitambaa kikatoka na fedha kidogo na weusi mwingi. Binti anayejifunza kwangu akakumbuka ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, akavuka hadi saluni akaja na kichupa.

Sitasahau rangi iliyojitokeza. Fedha ilitoka kweli. Weusi nao ukatoka, nta ikatoka, pakabaki duara la kahawia lililokauka, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, katikati ya kava, mbele. Nikapaka kiwi nyeusi. Kwa mbali ilipita. Karibu na taa ilionekana kama kidonda kilichopona vibaya.

Kava ya kumi na ya kumi na moja zilikuwa zimeshachorwa na kukatwa. Kwa hizo nilijaribu kupaka rangi nyeusi ya maji juu ya mstari, nikidhani nitaufunika. Rangi ya aina hiyo inapenya nyuzi na kuzitia weusi, chembe za alumini haizishiki. Vimeta vikabaki vinanitazama. Rangi nzito ya kupaka juu ingefunika, lakini ingeacha mkanda unaong'aa kwenye ngozi isiyong'aa, nawe ungekuwa umebadilisha doa moja kwa jingine.

Basi hesabu ilikuwa hivi: kava nane nzima, tatu zimeharibika, tano hazijaguswa, Pasaka siku 12.

Kila mstari unaishia wapi

Nilichukua karatasi nikachora kava moja yenye mistari yake yote. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo. Siku zote nilichora juu ya ngozi moja kwa moja, na mstari wowote ulikuwa mstari tu.

Kwenye karatasi ikaonekana kwamba mistari haifanani kabisa. Kuna mstari wa kukatia: kisu kikipita, nusu yake inaenda kwenye takataka na nusu inabaki ukingoni, ambako baadaye nitasugua na kupaka rangi. Huo hata ukiuchora kwa makaa hakuna atakayejua. Kuna mstari wa kushonea, milimita 4 kutoka ukingoni: uzi utalala juu yake maisha yote. Kuna mikunjo miwili ya mgongo: hiyo itabaki wazi, lakini ni mahali ambapo ngozi itajikunja yenyewe, hivyo mfinyo mdogo hautaonekana kama kasoro. Na kuna alama ya msalaba, katikati ya uso mtupu, mbele, chini ya mataa ya Mama Prezida.

Nikacheka peke yangu. Kalamu ya fedha nilikuwa nimeitumia kwa yote manne, na mahali pekee ilipokuwa hatari ni pale pa mwisho. Zaidi ya hayo, ile alama nilikuwa nimeichora kama alama ya kulengea bunduki, mistari miwili mirefu iliyokatana, inayotoka nje ya msalaba kila upande sentimita mbili. Hata ngozi ingekuwa na utando, hakukuwa na sababu ya mistari mirefu hivyo isipokuwa mazoea.

Usiku wa vipande

Tulikata vipande vidogo vya ngozi zote mbili, tukaweka mezani kila kitu kinachoweza kuacha alama. Binti alikuwa na daftari. Nitaeleza yaliyotufundisha kitu. Mengine yalikuwa kelele.

Chaki ya shule tuliiondoa haraka. Mstari wake ni mnene kama kidole cha mtoto na unga wake unaingia kwenye matundu ya sindano, kisha uzi mweusi unatoka umevaa unga. Penseli nyeupe ya nta iliandika vizuri juu ya utando unaong'aa, mbaya juu ya ngozi ya nta, na kote kulikotokea joto la kiganja ilipakaa. Kalamu inayofutika kwa joto, ile ambayo wino wake unapotea ukifika kama nyuzi 60 za Selsiasi, tulikuwa nayo nyeupe, ya mafundi cherehani. Tuliazima mashine ya kukaushia nywele ya saluni. Mstari ukapotea mbele ya macho, binti akapiga makofi. Kwenye ngozi ya nta, lakini, joto lilikuwa limeyeyusha nta, pakabaki doa linalong'aa lenye umbo la mdomo wa mashine. Na kwenye ngozi ya kwanza, ukiinamisha kipande, unaona kivuli. Wino haujaondoka, umepoteza rangi tu. Ukiuweka kwenye friza yenye baridi kali unarudi. Baridi ya hapa kwetu ya mwezi wa sita inauma asubuhi lakini haifiki huko, kwa hiyo hiyo si hofu yangu. Kivuli ndicho kilichoniondolea hamu.

Kipande cha sabuni, kile chembamba kinachobaki wakati kipande kikubwa kimekwisha bafuni, kilishangaza. Mafundi cherehani wanakijua tangu zamani. Kinachongwa ncha kwa kisu, kinatoa mstari mwembamba mweupe, na kitambaa chenye unyevu kinautoa wote kwenye ngozi yenye utando. Kwenye ngozi ya nta unatoka ukipiga brashi kavu kwanza, kisha kitambaa. Usiuache wiki nzima, maana ngozi ya kromu ina tindikali kidogo na sabuni ni kinyume chake, lakini kwa mstari wa saa moja hakuna neno. Ubaya wake ni ncha: kila mistari mitatu unachonga upya.

Ndipo binti akasema, "Papa, na chaki ya batu ba kusude je? Ile inaandika mpaka ku chuma ya moto."

Jirani yetu alikuwa bado anafunga kibanda. "Kamata, hata tatu," akasema, "iko mingi." Ni vijiti bapa vya jiwe la talki, jiwe laini kuliko yote kwenye kipimo cha ugumu wa mawe, ndiyo maana linaacha sehemu yake kwenye chuma badala ya kukikwaruza, na moto wa kuchomelea hauliunguzi. Kwenye uso wa ngozi ya kwanza liliteleza tu, haliandiki. Kwenye uso wa ngozi ya pili liliandika hafifu. Lakini tulipogeuza ngozi ya pili upande wa nyama, ule upande wenye nyuzi za kukwaruza ambao nao ulikuwa mweusi tii, mstari ulitoka mweupe kama maziwa, na ncha ikidumu. Huku Lubumbashi vyuma vinasudiwa kila kona. Vijiti hivi vimekuwa mita sita kutoka mezani kwangu kwa miaka, nami nanunua kalamu.

Halafu umeme ukakatika.

Binti aliwasha taa ya simu akailaza mezani ili aokote daftari. Mwanga ukapita chini-chini juu ya vipande, na nikaona mstari ambao sikuuona mchana kutwa. Ulikuwa wa maharazi, ile sindano nene yenye kipini cha mti tunayotobolea. Nilikuwa nimeipitisha kwenye ngozi ya kwanza nikiwa na mkono mwepesi, nikaona kama haikuandika kitu, nikaiandikia sifuri. Chini ya mwanga uliolala, ule mfinyo mdogo ulikuwa na ukingo mmoja wenye kivuli na mwingine unaong'aa, wazi kama reli. Mchana, taa ikiwa juu ya kichwa, mwanga ulikuwa ukiujaza mfereji na kuufuta. Ngozi nyeusi haikosi kuonyesha alama. Inataka taa iwe pembeni.

Na kwenye ngozi ya pili maharazi yalifanya maajabu zaidi. Kumbuka ngozi ile inapauka ikisukumwa. Ncha ilipopita ilisukuma nta pembeni, ikaacha mstari wa kijivu unaoonekana bila taa yoyote. Nikausugua kwa kidole gumba hadi kikapata joto, mstari ukayeyuka na weusi ukarudi. Ngozi iliyonikatalia kalamu ilikuwa na wino wake yenyewe ndani.

Jambo moja kuhusu ncha. Maharazi makali kama yanavyouzwa hukata uso, na uso wa ngozi ukishakatwa haurudi. Nilichukua karatasi ya msasa laini sana, nikaizungusha ncha mara kumi, kisha nikaisugua kwenye karatasi nyeupe hadi ikaacha kukwaruza karatasi. Ncha ya namna hiyo hufinya, haikati. Ukitaka kujua kama imekuwa tayari, ipitishe kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiteleza bila kung'ata, tumia.

Mpango mpya, na kosa jipya

Kava tano zilizobaki, pamoja na tatu za kufidia, tuliamua kuzifanya hivi. Mstari wa kukatia uchorwe kwa chaki ya talki upande wa nyama. Mstari wa kushonea uchorwe kwa kompa ya ncha mbili, mguu mmoja ukitembea ukingoni na mwingine, uliozungushwa ncha, ukifinya milimita 4 ndani. Matundu yapigwe humohumo. Mikunjo ya mgongo isichorwe kabisa: vipengo viwili vidogo ukingoni, sehemu itakayofichwa na mshono, halafu rula ya chuma ilale kati ya kipengo na kipengo, na mfupa upite mara mbili. Kwa msalaba nilitengeneza kiolezo cha kartoni ngumu chenye matundu mahali hasa sindano itakapopita. Unakilaza kwenye kona ya kava, unatoboa kwa maharazi kupitia matundu, unakiondoa. Alama ni tundu, na tundu linajazwa na uzi. Hakuna cha kufuta.

Nilijivunia mpango huo. Kesho yake nikatoka kwenda kutafuta ngozi ya nyongeza, nikamwacha binti akate mifuko ya ndani. Niliporudi alikuwa amekata miwili ya kulia, kazi safi, kingo zimenyooka. Nikauchukua mmoja nikaugeuza uso juu. Mpasuo wa kitanzi cha biki ulikuwa kushoto.

Alinitazama, nikamtazama. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyehamisha kuchora kutoka uso kwenda upande wa nyama bila kukumbuka kwamba ukichora kwa nyuma unachora kama kwenye kioo, kulia kunakuwa kushoto. Kitu chenye pande sawa hakijali. Kitu chenye kitanzi upande mmoja kinageuka. Tuliandika neno USO kwa herufi kubwa kwenye kila kartoni, na sheria ikawa: ukichora upande wa nyama, neno hilo lisionekane, liwe limelala chini.

Kuchora kwa nyuma kuna hasara nyingine ambayo watu hawaisemi. Hauoni uso. Ng'ombe huyu alikuwa ameishi maisha yake: kovu la mwiba ubavuni, alama za kupe kama pilipili zilizomwagika. Ukipanga vipande upande wa nyama bila kuangalia, kovu litaangukia mbele ya kava kwa uhakika wa kodi ya nyumba. Tulianza na uso basi. Binti akazungushia kila kovu duara la sabuni, tukalaza kiolezo kikubwa mahali safi, tukatoboa tundu dogo la maharazi nje kidogo ya kila kona, kwenye sehemu ya kutupwa. Kisha tukageuza. Matundu manne yalitokea upande wa pili, tukalingania nayo, chaki ikafanya kazi yake.

Kuna fundi mwenzangu wa Kenya, namaanisha komini ya Kenya hapa mjini, ambaye aliponisikia alisema mimi najisumbua: yeye hubandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi juu ya ngozi na kuchora kwa biki juu ya utepe. Ni njia nzuri na nimeitumia tangu hapo kwenye ngozi yenye utando, hasa nikitaka mstari mrefu wenye vipimo vingi. Utepe mpya ubandike kwanza kwenye suruali mara mbili tatu ili upungue nguvu. Ila kwenye ngozi ya nta haushiki, na kwenye utando dhaifu unaweza kung'oka nao. Hatukukubaliana hadi mwisho, tukanywa chai.

Biki yenyewe niiseme kwa ufupi kwa kuwa kila mtu anaanza nayo: kwenye uso mweusi haionekani vya kutosha kufuatwa na kisu, wala si salama. Wino wake wa mafuta unaingia kwenye ngozi na kukaa. Nimeona mkoba mwekundu wenye mstari wa biki uliozidi kuonekana badala ya kufifia.

Siku ya kukabidhi

Kava nane za pili zilikwisha siku tatu kabla ya Pasaka. Ya tisa ya zamani, yenye kidonda, niliikata vipande vya kufungia funguo. Ya kumi na ya kumi na moja zikawa mifuko ya ndani ya mikoba, zikiangalia chini. Hasara yangu ilikuwa ngozi ya kava tatu, mifuko miwili iliyogeuka kama kwenye kioo, na siku mbili na nusu za kazi. Sikumdai mteja senti.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuna kalamu wala chaki ingelitatua, nalo nilikuwa nimelinyamazia. Kava nane ziling'aa, nane hazikung'aa. Nilizipanga mezani zikiwa zimechanganyika, nikitumaini. Mama Prezida alivaa miwani, akazitazama kwa dakika nzima bila neno, akaanza kuzitenga: hizi huku, hizi huku. Akainua moja, akaielekeza dirishani, akaizungusha polepole akitafuta doa. Akapitisha kidole kuzunguka msalaba.

"Papa, zote sawa njo tulisema."

Nikamweleza yote, ngozi ya kwanza kuisha, ngozi ya pili, mstari wa fedha, hata kichupa cha saluni. Nilimwonyesha vifungio vya funguo. Alisikiliza hadi mwisho, akahesabu kwa vidole.

"Bamama tuko nane mbele," akasema. "Tunakamata za kung'aa. Babaume biko nyuma, shauri yabo."

Akalipa nusu iliyobaki. Akapunguza kidogo, nami sikubisha.

Mwezi wa saba alituma mtu na kitabu kingine, kikubwa zaidi, na ujumbe wa kava nne za kahawia iliyokolea. Nilipoingia na ngozi mpya begani, sikuwa hata nimeiweka chini. Binti aliikata ukanda wa upana wa vidole viwili kutoka tumboni, pale panapotupwa, akachora mistari saba: fedha, sabuni, talki usoni, talki nyuma, kompa, maharazi, utepe. Akafuta nusu ya kila mstari, nusu akaiacha. Kisha akautundika kwenye msumari wa dirisha, akaulaza mwanga wa simu pembeni yake, akakunja mikono. "Kesho, Papa," akaniambia. "Leo hatukate kitu."